Shilingi mia tano na walimu saba

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimechaguliwa majuzi kuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, mkoani Tabora. Tuna wanafunzi 812 na walimu 7. Kikao cha kwanza tumeambiwa ruzuku ya serikali inaingia shilingi 406,000 kwa mwezi. Waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka jana ni 61, wakafaulu 28. Shule ya barabarani, kilomita 23 kutoka kwetu, halmashauri ileile, ina wanafunzi 640 na walimu 19, na walifaulu 53 kati ya 58. Wajumbe tumegawanyika. Wapo wanaosema wenzetu wanapewa fedha nyingi kuliko sisi, wapo wanaosema mwalimu mkuu anakula. Je, tukipigania ruzuku iongezwe, watoto watafaulu? Na je, kwa hela hiyohiyo tunaweza kumlipa kijana wa kujitolea?

Jibu: Marahaba, mama. Barua nyingi ninazopata kuhusu shule za vijijini zinakuja na hasira tupu, yako imekuja na hesabu. Nitazitumia hizohizo namba zako, maana karibu jibu lote limo humo.

Nianze na 406,000, kwa kuwa ndiyo iliyowagombanisha. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 inakuja shuleni, ikigawanywa kwa miezi 12. Yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Zidisha 812 kwa 500, unapata 406,000 kamili. Kwa hiyo hakuna aliyeidokoa njiani. Zamani, fedha hii ilipokuwa ikipitia halmashauri, ilikuwa inafika vipandevipande, mara imekatwa, mara imechelewa hadi muhula umeisha. Tangu elimu bila malipo ianze, mwishoni mwa 2015 kuingia 2016, inatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa shule ya barabarani. 640 mara 500 ni 320,000. Wenzenu wanapata pungufu yenu kwa 86,000 kila mwezi, na bado wanawaacha mbali. Hilo peke yake lingetosha kunyamazisha nusu ya kikao.

Na hiyo nusu nyingine, ya mwalimu mkuu anakula? Sikatai kwamba wapo wanaokula. Nimekaa ofisi za elimu miaka mingi na nimeona risiti za mafuta ya gari katika shule isiyo hata na baiskeli. Lakini kabla hamjamhukumu huyu wenu, kaeni mpitie daftari la fedha mstari kwa mstari. Niliwahi kufanya hivyo katika shule moja ya porini yenye watoto wanaokaribiana na wenu. Mwalimu mkuu alikuwa ametunza risiti zake ndani ya kopo la biskuti. Katoni ya chaki. Rimu za karatasi na wino wa kurudufu mitihani ya majaribio, ambayo kata nzima inafanya siku moja, kwa hiyo huna hiari. Bawaba za mlango wa darasa la tano. Dawa ya choo. Halafu risiti ndogo za bodaboda zimebanwa kwa pini, safari baada ya safari kwenda makao makuu ya halmashauri, kwa sababu mahesabu yanatakiwa yaingizwe kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kutoa hesabu za fedha, na pale shuleni hakuna kompyuta wala mtandao. Tulipomaliza kujumlisha, mwalimu alikuwa anaidai shule shilingi 11,000 za mfukoni mwake. Alicheka tu.

Jambo moja zaidi kuhusu huyo mwalimu mkuu, kwa sababu najua litazuka. Tangu 2016 walimu wakuu wa shule za msingi wanalipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Ni halali yake na inakuja kivyake, haitoki kwenye 406,000. Nimeshuhudia kamati ikimwita mwizi mtu kwa sababu ya posho iliyoandikwa kwenye waraka.

Hiyo 10,000 yenyewe ina historia fupi inayochekesha na kuumiza. Iliwekwa wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002, ikikadiriwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mtoto. Siku hizo dola ilikuwa chini ya shilingi 1,000. Dola imepanda, chaki imepanda, bati limepanda, 10,000 imebaki 10,000. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule leo ana watoto wake shuleni, nao wanapewa ileile aliyopewa yeye. Na kwa kuwa inahesabiwa kwa vichwa, shule ndogo ndizo zinaumia zaidi. Shule shikizi, ile ndogo iliyo chini ya shule mama, yenye watoto 150 inapata 75,000 kwa mwezi, wakati mlango ukivunjika fundi hakuulizi una wanafunzi wangapi. Kwa hiyo anayesema ruzuku iongezwe ana haki kabisa. Ninachobisha ni kwamba kuongezwa kwake ndiko kutakakowafaulisha watoto wenu.

Fedha kubwa ya shule yenu haipo kwenye akaunti ya shule, ndiyo maana kamati haijawahi kuiona. Ni mishahara. Inatoka Hazina kwenda kwa mwalimu mwenyewe, haigusi daftari lenu. Tuchukue mfano tu, tuseme kila mwalimu analipwa 700,000 kwa mwezi. Shule yenu, walimu 7, ni 4,900,000. Gawanya kwa watoto 812: kila mtoto anabeba kama 6,000 ya mshahara wa mwalimu kwa mwezi. Shule ya barabarani, walimu 19, ni 13,300,000. Gawanya kwa 640: kila mtoto anabeba karibu 20,800. Mtoto wa kule anatumiwa na serikali ileile, katika halmashauri ileile, zaidi ya mara tatu ya mtoto wako. Mkiwa mnazozana juu ya 500, tofauti ya elfu kumi na nne na ushee inapita juu ya vichwa vyenu kila mwezi.

Wanaosema wenzenu wanapewa fedha nyingi, basi, hawakukosea. Walitazama akaunti isiyo yenyewe tu.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa ikama hiyo, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, shule yenu inastahili walimu 18. Mnao 7, mmepungukiwa 11. Wenzenu wanastahili 14 au 15, wanao 19. Sijasema kuna mtu alikaa akapanga kuwaonea. Inajitokeza yenyewe, taratibu. Mwalimu mpya anapangwa kwenu, anafika na begi moja, anakuta hakuna nyumba, maji ni ya kisima cha kilomita mbili, simu inashika ukipanda kichuguu. Baada ya mwaka anaomba uhamisho kumfuata mwenza, au anaugua ugonjwa unaohitaji kliniki ya mjini. Anasogea barabarani. Hakuna barua hata moja katika hizo iliyo ya uongo, na afisa anayeziidhinisha ni binadamu. Ukizijumlisha miaka kumi unapata 19 kule na 7 kwenu.

Nikupeleke ndani ya darasa, maana namba peke yake haina jasho. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la kwanza lenye watoto wanaofika 160, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Watatu watatu kwenye dawati ni wale waliowahi. Wengine chini, daftari juu ya goti, na wa karibu na mlango nusu ya mwili iko nje. Mwalimu ana fimbo ya kuonyeshea, anagonga ubao: ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima linaitikia kwa sauti nzuri kweli, kama kwaya. Ukisimama nje utasema wanajua. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu yule akitaka kumsikiliza kila mtoto peke yake, asiseme lolote lingine, kila mmoja anapata sekunde 11. Nilimwinamia mtoto aliyekuwa karibu yangu nikamwonyesha "bo" kwenye daftari lake mwenyewe, aliloliandika vizuri tu. Aliniangalia, akageuka kutazama ubaoni, akaanza kuhesabu kwa kichwa toka "ba" mpaka alipoifikia. Alikuwa amekariri wimbo na mpangilio wake. Herufi bado.

Mtoto huyo anapanda darasa la pili, la tatu, na siku ya mtihani wa darasa la saba anapewa karatasi ya Hisabati yenye maswali ya maneno. Hapo ndipo kijiji kinashtuka.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza pamoja na watafiti wa uchumi walifanya jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa fedha taslimu, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, moja kwa moja kwenye akaunti. Kundi la pili halikupewa fedha ya shule, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, yakiwa Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata kitu, ili liwe la kulinganishia.

Baada ya miaka miwili, shule zilizopewa fedha peke yake zilikuwa sawa na zile ambazo hazikupewa kitu. Vifaa viliongezeka, alama hazikusogea. Sehemu ya sababu ni sisi wazazi: tulipoona shule ina hela, tukapunguza tulichokuwa tunatumia nyumbani kwa masomo ya mtoto. Motisha peke yake ilitoa matokeo ya kubishaniwa. Lakini palipokutana fedha na motisha, watoto walisogea waziwazi, tena zaidi ya ambavyo ungepata kwa kujumlisha viwili hivyo vikiwa mbalimbali. Mimi nasoma hivi: kitabu na chaki vinafanya kazi vikiwa mkononi mwa mwalimu aliyepo na aliyepania. Sasa rudi kwenu. Mkiongezewa ruzuku mara mbili leo, itakuwa 1,000 kwa mtoto kwa mwezi, na walimu watakuwa walewale 7. Zile sekunde 11 hazitaongezeka hata moja.

Kabla ya kuingia kwenye la kufanya, nikuombe uyatazame na matokeo yenyewe kwa jicho la wasiwasi kidogo. 28 kati ya 61 ni asilimia 46. 53 kati ya 58 ni asilimia 91. Lakini hao 61 walikuwa wangapi walipoandikishwa darasa la kwanza? Fungua rejista ya mwaka ule. Ukikuta walikuwa 130, basi wapo waliorudishwa darasa la nne baada ya upimaji, wapo waliohama na wazazi kufuata malisho au mashamba ya tumbaku, na wapo walioacha, na hao hawapo kwenye asilimia yoyote. Kuna shule naijua ilipanda asilimia mwaka mmoja kwa sababu watoro sugu hawakusajiliwa mtihani. Na upande wa pili, kundi la watoto 61 ni dogo: watano wakifaulu zaidi umepanda asilimia 8, watano wakiugua malaria wiki ya mtihani umeshuka hivyohivyo. Msimpigie mwalimu makofi wala miluzi kwa mwaka mmoja. Tena shule ya barabarani ina watoto wa nesi, wa bwana shamba na wa mwenye duka, wanaokula mchana na kwenda tuisheni jioni. Walimu 19 hawaelezi yote 91. Wanaeleza sehemu kubwa.

Kipimo ninachokiamini mimi ni cha bure. Nenda shuleni siku ya kawaida, chukua watoto kumi wa darasa la pili bila kuchagua, mpe kila mmoja ukurasa wa kitabu chake cha Kiswahili akusomee. Ukurasa ambao hawajaukariri. Andika wangapi wamesoma. Hiyo namba ipeleke kwenye kikao, itawaambia zaidi kuliko matokeo ya darasa la saba, na itawaambia miaka mitano mapema.

Sasa la kufanya. Kuna moja ambalo halihitaji ruhusa ya mtu: muulizeni mwalimu mkuu nani anafundisha darasa la kwanza na la pili. Shule nyingi zenye upungufu zinawapeleka walimu hodari darasa la nne na la saba, kwa sababu ndiko kuna mtihani na ndiko mwalimu mkuu anakoulizwa. Darasa la kwanza anaachiwa mgeni, au mgonjwa, au linaunganishwa na la pili. Namwelewa, ila ni kama kumwagilia mti juu ya majani. Katika walimu wenu 7, wawili wenye subira na mwandiko mzuri wakae chini kule, na darasa la kwanza ligawanywe kwa zamu, wengine asubuhi, wengine baadaye. Zamu inachosha walimu, nakubali. Lakini inageuza watoto 160 kuwa 80.

La pili linahitaji miguu. Andikeni muhtasari wa kikao wenye jedwali dogo: shule zote za kata, na ikiwezekana za tarafa, idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu, na pengo la ikama. Takwimu hizo afisa elimu kata anazo, si siri. Halafu mpeni diwani wenu mkononi, aende nayo kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya halmashauri, na aombe jambo moja tu kwa jina lake: msawazo wa walimu ndani ya halmashauri, yaani kuwahamisha kutoka shule zilizozidi kwenda zilizopungukiwa. Msiombe walimu wapya. Ukiomba walimu wapya utajibiwa kwamba ajira ni za serikali kuu, msubiri, na mtasubiri kweli. Msawazo uko ndani ya uwezo wa mkurugenzi wenu. Atakachowaambia ni kwamba kumhamisha mwalimu kuna gharama, posho ya kujikimu na kusafirisha mizigo, na hana fungu. Hapo diwani aulize fungu hilo liwekwe kwenye bajeti ijayo kwa walimu wangapi, na ajibiwe kwa namba.

Mkurugenzi pia atauliza, mwalimu akija atalala wapi. Hapa ndipo nina ugomvi na vijiji vingi. Mnapenda sana kujenga boma la darasa. Mnachanga tofali, mnapandisha hadi renta, mnasubiri halmashauri ipaue. Serikali nayo inapenda madarasa: mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa 15,000 kwa mkupuo, kwa shilingi milioni 20 kila moja, na utepe ukakatwa kila mahali. Yalihitajika, sibezi. Lakini kwenu, nguvu ya wananchi inayofuata ningeiweka kwenye nyumba ya walimu, ile ya familia mbili chini ya paa moja, yenye tangi la kuvunia maji ya mvua. Nimemwona mwalimu akikataa uhamisho kwenda barabarani kwa sababu ya tangi. Na msisahau hesabu ya madarasa inabadilika: kwa mfumo mpya elimu ya msingi inakuwa miaka 6, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na baada ya hapo chumba cha darasa la saba kitakuwa wazi. Boma mnalotaka kuanza leo huenda likapauliwa wakati hamlihitaji.

Chakula nitasema kifupi kwa kuwa hukuuliza. Chini ya waraka wa elimu bila malipo, chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Mtoto anayetembea kilomita sita bila uji anasinzia saa nne. Debe la mahindi kwa kaya wakati wa mavuno, likapitishwa na mkutano wa kijiji, likaandikwa, na asirudishwe nyumbani mtoto ambaye kwao wamekosa, linafanya kazi ambayo ruzuku haitaifanya kamwe.

Kuhusu kijana wa kujitolea: kwenye ile 406,000, hapana. Mafungu yake hayana ujira wa mwalimu, na mkimlipa humo mwalimu mkuu ndiye atakayebanwa na mkaguzi, si kamati. Ila kijiji kinaweza kumlipa kwa mchango wa hiari uliopitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri, ukakaa kwenye daftari lake pekee. Tangu Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima Januari 2018, walimu wakuu wengi wanaogopa hata kulitamka neno hilo, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji ndiye alibebe. Mkimpata, chagueni aliyemaliza chuo cha ualimu anayengoja ajira, mkamweke darasa la kwanza na mwalimu mzoefu pembeni yake, na mumlipe tarehe ileile kila mwezi. Wengi wanaacha mwezi wa tatu, na karibu kila mara ni kwa sababu mwezi wa pili waliambiwa wasubiri tumbaku iuzwe.